Dar–New York: Mpenzi Wako Yuko Saa Ngapi Kutoka Hapa?

Ukimwuliza mtu mwenye mpenzi ughaibuni kwamba wanaishi umbali gani, wengi watakujibu "mbali". Ukimbana kidogo atakutajia nchi. Wachache sana watakutajia saa, na ukiona mtu anajua saa, ujue huyo ameshawahi kununua tiketi.

Mimi ni mmoja wa hao wachache. Mwenzangu yuko New York huu mwaka wa tatu, mimi niko Dar na kazi yangu, na kwa kuwa likizo zake ni za kubana kuliko zangu (sheria ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, wakati sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inatupa siku 28), nimejikuta nimekuwa mtaalamu wa mambo ambayo zamani niliyaachia mawakala wa tiketi. Nikikaa na mashoga zangu wenye wapenzi Toronto, London na Guangzhou, hatuzungumzii tena nani kamtumia nani maua. Tunazungumzia nani anabadili ndege wapi, na kwa saa ngapi.

Tuanze na namba yenyewe. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hapa Dar mpaka John F. Kennedy kule New York, ukivuta kamba juu ya tufe la dunia, unapata takriban kilomita 12,400. Kamba hiyo inapita juu ya Ziwa Viktoria, inakata Uganda, inakwenda Chad, Niger na Algeria, halafu inaingia Atlantiki. Ndege kubwa za siku hizi zikishatulia angani zinakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata kama saa 14. Mtu anashusha pumzi: kumbe si mbali hivyo! Unapanda asubuhi, usiku uko kifuani kwa mtu.

Subiri kwanza. Hiyo ni hesabu ya kunguru, na kunguru hana tiketi. Hakuna ndege inayotoka Dar kwenda New York bila kutua, kwa hiyo hizo kilomita 12,400 ni za kwenye ramani tu. Umbali wako wewe unaamuliwa na mahali unapobadilia ndege.

Ukipitia Nairobi, mambo ni mazuri ajabu kwa upande wa kilomita. Kutoka Dar mpaka Nairobi ni kama kilomita 670, na kutoka Nairobi mpaka New York ni takriban 11,800, jumla karibu 12,500. Yaani umezunguka kilomita 70 hivi tu, Dar na Chalinze bado inazidi. Ukipitia Amsterdam unafika kilomita 13,200 hivi. Ukipitia Doha, inabidi kwanza uende kaskazini mashariki, yaani unampa mpenzi wako mgongo kwa kilomita 3,800, ndipo ugeuke uanze safari nyingine ya karibu 10,800. Jumla inakaribia 14,600. Hizo kilomita 2,200 za ziada kwa ndege ni zaidi ya saa mbili angani, na bado hujahesabu muda wa kukaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege ukiangalia maduka ya manukato usiyoyanunua.

Lakini msinielewe vibaya. Njia fupi kwenye ramani si lazima iwe fupi kwenye saa. Ukipitia Ghuba unaweza kukuta ndege ya pili inaondoka baada ya saa mbili tu, na ukipitia njia fupi ukakuta unasubiri saa tisa. Ndiyo maana mimi nikitazama tiketi siangalii kwanza bei wala jina la shirika. Naangalia pale palipoandikwa muda wote wa safari, mlango wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kwa nini kwenda si sawa na kurudi

Hili lilinisumbua sana mwanzoni. Mwenzangu akija anatumia saa chache, akirudi anatumia saa nyingi. Nikadhani labda ndege inavutwa na huzuni!

Jibu ni upepo. Juu kule, kilomita 9 mpaka 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Atlantiki inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege inayotoka Marekani kuja huku inasukumwa mgongoni. Inayokwenda kule inapigwa usoni. Kati ya Nairobi na New York, kwenda ni kama saa 14 mpaka 15, na kurudi hupungua, wakati mwingine kwa saa nzima au zaidi. Upepo wenyewe haulingani kila siku. Majira ya baridi ya kaskazini ndiyo unazidi kupamba moto. Kwa hiyo mpenzi anayekuja Desemba anasukumwa vizuri, na anayeondoka Januari anapambana nao. Upepo nao uko upande wetu tunaosubiri.

Safari hiyo ya Nairobi inastahili maneno mawili zaidi. Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Kenya na Marekani kuunganishwa na ndege ya abiria isiyotua popote njiani. Ilisitishwa mwaka 2020 wakati wa UVIKO, kisha ikarudi. Wanatumia Boeing 787, ile Dreamliner. Wakati inaanza, ilipangiwa kuondoka Nairobi saa 5:25 usiku, na watu wakadhani ni mambo ya biashara tu. Kuna sababu nyingine ya usiku kuwa mwema kwa safari ndefu: uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojazwa mafuta ya kuvuka Sahara na Atlantiki ni nzito kama nini. Hewa nyepesi inabeba vibaya, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Usiku kukiwa na baridi mabawa yanapata kitu cha kushika. Ndiyo maana pia njia ya kurukia pale ni ndefu, zaidi ya kilomita 4.

Halafu kuna siasa za dunia, ambazo hata mapenzi hayaziwezi. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ikafunga anga yake kwa karibu mwezi mzima. Angalia tena ile kamba yetu inapita wapi. Ndege nyingi kati ya Afrika na kaskazini zikalazimika kuzunguka, na kila kuzunguka ni dakika, na dakika zikijumlishwa ndizo zinazokufanya uikose ndege ya pili.

Tiketi inasema saa saba, mwili unasema kumi na tano

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Ukiondoka Nairobi saa 5:25 usiku na ukafika New York saa 12:25 asubuhi, kama ilivyokuwa kwenye ratiba ile ya mwanzo, mama mkwe atakuambia, "Mbona saa saba tu? Si kama kwenda Mbeya?" Hapana, mama. Katikati hapo kuna tofauti ya saa 8 kati yetu na New York, kwa hiyo safari ni saa 15. Machi, Jumapili ya pili, wao wanasogeza saa zao mbele na tofauti inakuwa 7. Novemba, Jumapili ya kwanza, wanazirudisha. Sisi hatusogezi kitu, jua letu halina haraka. Kama mna mazoea ya kupigiana saa fulani, siku hizo mbili za mwaka zitieni alama kwenye kalenda, maana ugomvi wa "mbona hukupokea simu?" mara nyingi huzaliwa hapo.

Kwa faida ya walio kwenye meli moja na mimi: saa 12 asubuhi ya Dar ni saa 4 usiku ya New York wakati wa baridi, na saa 5 usiku wakati wa kiangazi chao. Wewe unaamka, yeye analala. Saa 2 usiku ya Dar ni mchana kwake, saa 6 au saa 7, wakati wa chakula. Basi, ndiyo madirisha mawili mliyo nayo siku za kazi. Mengine yote mmoja yuko kwenye kikao au amelala fofofo.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa watu wa pwani. Ndege nyingi za mbali zinaondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi inakuandikia Ijumaa, 00:40. Hiyo ni Ijumaa gani? Kwa mtu wa ofisini, ni Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa bibi yangu, ambaye siku yake inaanza jua likizama, usiku huo ni usiku wa Ijumaa wazi kabisa, na wala hahitaji kufafanuliwa. Kwa ajabu yake, tiketi ya ndege inakubaliana na bibi kuliko inavyokubaliana na sisi tuliosoma! Shoga yangu mmoja alisindikizwa uwanjani na ukoo mzima Ijumaa usiku, mabegi yamefungwa, samaki wa kukaanga kwenye ndoo, machozi yameshamwagika. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu jana. Mchumba alikuwa amesimama na maua upande wa pili wa dunia.

Na bado kuna saa ambazo tiketi haizitaji kabisa. Safari za kimataifa unatakiwa uwanjani saa tatu kabla. Kutoka mjini mpaka Terminal 3, ile iliyofunguliwa mwaka 2019, ni kama kilomita 12 tu, lakini mnaijua Barabara ya Nyerere jioni. Ukiwa unatoka Bunju au Kibaha, hilo ni shauri lingine. Kule nako kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri mabegi, halafu kile kitreni cha uwanjani mpaka Jamaica, halafu treni ya chini ya ardhi. Mimi huongeza saa sita kwenye kila safari, tatu huku na tatu kule, na sijawahi kuona zikibaki.

Siku kumi na sita, zinabaki ngapi?

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nikae chini na kalamu.

Mwenzangu anapata siku 10 za kazi. Ukiunganisha na Jumamosi na Jumapili za mwanzo na mwisho, zinakuwa 16. Tukisema moyoni, "Ana wiki mbili na ushee", tunafurahi. Tuzihesabu. Akija kwa Nairobi anaondoka New York Jumamosi mchana, anatua Nairobi Jumapili, Dar Jumapili jioni. Kurudi anaondoka Jumamosi ili Jumatatu awe kazini. Zimebaki 13 hivi. Akichukua tiketi ya bei chee yenye kubadili ndege mara mbili na kulala njiani, kila upande unapoteza siku nyingine. Zimebaki 11.

Halafu mwili nao unadai chake. Wataalamu wa usingizi wanakadiria kwamba mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili kujirekebisha kabisa, na kwamba kuja mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa sababu saa ya ndani ya mwili kwa watu wengi inapenda siku ndefu kidogo kuliko saa 24. Kukesha ni rahisi, kujilazimisha kulala mapema ndiyo kazi. Maana yake mtu anayetoka New York kuja Dar anakuja kwa njia ngumu. Atakuwa macho kama bundi saa 9 usiku na atasinzia kwenye sahani ya pilau saa 8 mchana. Siku tatu nne za kwanza unaye, lakini si yeye.

Nimeona wapenzi wakigombana siku ya pili ya kuonana baada ya miezi 11. "Umebadilika." "Hunijali." "Unanijibu kwa mkato." Jamani, huyo hajabadilika, huyo kwake ni alfajiri! Sisi tuna sheria moja nyumbani: siku tatu za kwanza hakuna mazungumzo ya pesa, ya ndugu, wala ya "sisi tunaelekea wapi". Tunakula, tunatembea ufukweni asubuhi apate jua, tunalala. Mengine yanasubiri Alhamisi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama tiketi iliyo nafuu kwa dola 200 ina faida, nakuuliza kwanza una siku ngapi. Mwanafunzi mwenye miezi mitatu ya likizo, nunua hiyo hiyo, lala kwenye viti vya uwanja, uko kijana. Mwenye siku 13, dola 200 anazookoa zinamnyang'anya siku mbili kati ya kumi na tatu alizonazo kwa mwaka mzima. Mimi siuzi siku kwa dola 100.

Kuna wanaosema kwa nini msikutane katikati. Nilipima. Katikati ya Dar na New York ni jangwani, Algeria, karibu na mpaka wa Moroko. Mji mkubwa ulio jirani kidogo ni Casablanca, na kweli kuna ndege ya Royal Air Maroc kutoka New York bila kutua, kwake ingekuwa safari ya usiku mmoja. Lakini mimi kutoka Dar sina ndege ya moja kwa moja kwenda huko, nitabadili tu, na nitatumia karibu muda uleule ambao ningekwenda Ulaya. Katikati ya ramani si katikati ya safari. Na viza nazo zina masharti yanayobadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozini kabla hamjalipia chochote.

Baba mkubwa na basi la Songea

Mwaka jana tulipanga kikao cha kujitambulisha. Jumamosi, saa 10 jioni, kwa mama. Tiketi yake ilipitia uwanja mmoja wa nchi za Ghuba, na muda wa kubadili ndege ulikuwa dakika 55. Shirika liliuza tiketi hiyo bila wasiwasi wowote. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka, akalala sakafuni na koti lake. Badala ya Ijumaa usiku akatua Dar Jumapili.

Wazee walikuwa wamekaa. Baba mkubwa alikuwa ametoka Songea kwa basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 900, akafika usiku na miguu imevimba. Na bado Jumamosi ile alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka, kanzu imepigwa pasi. Mshenga akatoa udhuru. Ukimya ukatanda. Mama mdogo akanong'ona kwamba kijana anayeshindwa kufika kwenye kikao chake mwenyewe, je, kwenye shida?

Baba mkubwa akaniita jikoni.

"Binti yangu, kwani huko aliko ni umbali gani hasa?"

Kilomita zisingemsaidia. Nikamwambia, "Baba, ni Songea na Dar mara kumi na tatu."

Akafikiri. "Kwa basi hiyo ni wiki mbili mfululizo."

"Ndiyo, baba."

"Na amechelewa siku moja?"

Akarudi sebuleni. Sikusikia alichowaambia, ila nilisikia wakicheka, kisha mshenga akaambiwa aendelee na barua yake, kwamba tangu zamani posa hupelekwa na mshenga na hakuna aliyewahi kudai bwana harusi awepo. Mwenzangu alipofika kesho yake alipelekwa kuamkia wazee, akasema shikamoo ya kwanza vizuri, ya pili akaisema akiwa amefumba macho. Ilikuwa saa 9 alasiri. Kwake saa 2 asubuhi, baada ya usiku wa sakafuni.

Desemba hii anakuja kwa mahari. Safari hii tumechukua njia ya Nairobi, na kati ya ndege na ndege ana saa nne. Anatua Jumapili, kikao ni Jumamosi inayofuata, awe ameshalala usiku sita. Nimempigia baba mkubwa kumpa tarehe, nikamwambia aje hata Ijumaa, hakuna haraka. Akasema atafika Alhamisi, kwa sababu mabasi nayo yanaharibika.